Kaka anataka kopa, fundi anataka PPR: boila ya dobi ifungiwe bomba gani?

SWALI

Shikamoo baba. Naishi Ngamiani, hapa Tanga, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu nyumbani. Nilianza na pasi ya mkaa, nikahamia ya umeme, na miaka ya karibuni natumia boila ndogo ya umeme inayotoa mvuke kwa pasi mbili. Wateja wangu wakubwa ni gesti za mjini wanaoleta mashuka, na wanaume wa kanzu, ambao Ijumaa na msimu wa Idd hunijazia ukumbi mzima.

Boila yenyewe niliinunua ikiwa imeshatumika, na sasa imechoka kabisa. Tumbo linavuja na hakuna wa kuliziba. Kaka yangu mkubwa anaishi Worcester, Marekani. Amenitumia hela, nimenunua mpya ya kilowati 9, fezi tatu, na kwenye kibati chake pameandikwa presha ya kazi bar 4. Bado iko ndani ya boksi kwa sababu tumeshindwa kukubaliana juu ya bomba.

Boila inakaa kwenye banda la uani, pasi ziko chumba cha mbele. Bomba linapita juu ya ukuta wa koridoni, mita nane hivi, na lililopo ni GI, lile la chuma kilichopakwa zinki, la inchi moja. Kila asubuhi nikiwasha, linagonga ko! ko! ko! mpaka mama mkwe anatoka chumbani kuuliza nani anapiga hodi. Halafu pasi zinatema maji yenye rangi ya chai. Kabla ya Idd iliyopita nilimwaga doa kifuani pa kanzu nyeupe ya mteja, likagoma kutoka, nikalipa.

Sasa kila mtu ana lake. Kaka anasema kopa tupu, yaani shaba nyekundu, nisikubali kingine. Amenitumia picha za chini ya nyumba yake, walikobadilisha boila ya kupasha nyumba joto. Pana mabomba ya kopa yanayong'aa, na sehemu moja yamepindishwa yakarudi kama kitanzi, anaiita Hartford loop. Anadai nisipoweka hicho kitanzi boila itaharibika. Fundi aliyenifungia bafu, kijana wa jirani, anataka PPR, bomba la plastiki, ile ile ya kijani: "Inapitisha maji moto bafuni, huku itashindwa nini?" Mchomeleaji mageti wa mtaa wa pili anasema niweke bomba jeusi, alichomelee lote liwe kitu kimoja. Na mume wangu anasema turudishe GI, mbona imedumu.

Hela ni ya kaka na sitaki kumvunjia heshima. Kijana wa jirani naye ni mtoto wetu. Nisaidie baba. Tena maji ya bomba yakikatika huwa nachota kisima cha uani, kina chumvi kidogo. Je, hilo nalo lina neno?

Mama Dobi, Ngamiani


JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi ya mikono yako. Umefanya vizuri kuiacha boila ndani ya boksi mpaka uulize.

Lenye haraka nilimalize kwanza. PPR isiguse mvuke, hata sentimita moja. Maji ya birika jikoni huchemka nyuzi 100 kwa kuwa birika halina presha. Ndani ya boila yako, geji ikisoma bar 4, maji huchemkia nyuzi 152 hivi, na mvuke unatoka na joto hilo hilo. PPR imetengenezwa kwa maji moto ya nyuzi 70 hivi ya kila siku, na ikibidi sana 95 kwa muda mfupi. Maji ya bafuni kwako nina hakika hayafiki hata 60. Ukiipitishia mvuke wa 152 italegea, itaning'inia kati ya kibano na kibano, kisha kiungo kimoja kitaachia, na kitaachia juu ya koridoni ambako watoto na mama mkwe wanapita. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa hewani hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Na mvuke wenyewe, pale tu unapotoka kwenye tundu, hauonekani. Lile wingu jeupe unaloliona mbele yake ni mvuke uliokwisha kupoa. Mtu hupitisha mkono akitafuta panapovuja, akaunguzwa na kitu asichokiona.

Kaka yako hajakudanganya, ila anazungumzia mvuke mwingine. Nyumba nyingi za zamani za kaskazini mashariki mwa Marekani hupashwa joto kwa mvuke: boila iko chini ya nyumba, mvuke unapanda wenyewe mpaka kwenye redieta za chuma vyumbani, unapoa, maji yanarudi chini kwa uzito wake. Boila hizo zinawekewa vali ya usalama inayofunguka kwenye psi 15, yaani bar 1 hivi, na kazi yenyewe mara nyingi hufanyika chini ya psi 2. Huko mvuke una nyuzi 104 tu. Wewe una nyuzi 152 na presha mara nyingi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo picha ni za kweli, ni nzuri, lakini usizifanye ramani ya banda lako.

Tena hata huko kwao, mafundi waliobobea kwenye mvuke hawapendi kopa pale karibu na boila. Kopa ikipata joto hurefuka kuliko chuma. Bomba lako la mita nane, likitoka nyuzi 30 za asubuhi ya Tanga kwenda 152, likiwa la chuma litarefuka milimita 12 hivi. Likiwa la kopa, karibu 17. Urefu huo lazima uende mahali. Bomba la chuma lililofungwa kwa nyuzi za kuchonga, zile za kuzungusha kama skrubu, na kupewa kona mbili tatu, hujizungusha kidogo kwenye nyuzi na mambo yanakwisha. Kopa iliyolehemiwa haizunguki: inasukuma na kuvuta kiungo kila unapowasha na kuzima, mpaka kipasuke. Na lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka nyuzi 183. Kwenye 152 haijayeyuka, lakini nguvu zake zimekwisha. Ukiamua kopa kwa mvuke wa bar 4, viungo vichomwe kwa fimbo ya fedha, kazi ambayo fundi friji anaijua kuliko fundi bomba. Inawezekana. Ni ghali, na kopa iliyo wazi uani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku hizi haimalizi mwezi.

Kuhusu kitanzi, kiliingizwa mwaka 1919 na kampuni ya bima ya boila ya mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, na ndiyo asili ya jina. Kazi yake ni hii: bomba la maji yanayorudi likitoboka, maji ya boila yasitoke yote kupitia tundu hilo, yabaki angalau karibu na usawa salama. Boila za huko hurudishiwa maji moja kwa moja kwa uzito wake, ndiyo maana zinakihitaji. Ya kwako inalishwa na pampu kutoka kwenye tangi la wazi, na kati ya pampu na boila panawekwa vali isiyorudisha maji nyuma. Hiyo ndiyo inayokulinda. Kitanzi huna haja nacho. Nunua vali mbili zisizorudisha badala ya moja, gharama yake ni ndogo kuliko kiwiko kimoja cha kopa.

Mume wako ana hoja kuhusu GI, na sitamdharau. Nimeona GI nyingi zikibeba mvuke miaka mingi hapa Tanga. Lakini zile chembe nyeupe za zinki hubanduka ndani ya nyuzi zilizochongwa, zikasafiri na mvuke mpaka kwenye matundu madogo ya pasi na kiti cha vali. Halafu, kwenye maji moto ya kupita nyuzi 60 hivi, kuna maji ambayo zinki huacha kulinda chuma na kuanza kukitoboa kwa vidonda. Kwa hiyo ile sifa unayoilipia zaidi dukani, mahali pa joto haikusaidii. Na mchomeleaji akija na wazo la kuichomelea GI, mkatalie: moshi mweupe wa zinki unamlaza mtu na homa na baridi usiku huo huo. Mafundi wa mageti wanaijua, hunywa maziwa na kurudi kazini, jambo nisilolipenda.

Hivyo tunafika kwa mchomeleaji. Aliposema bomba jeusi alisema kweli, na hapo hapo ndipo utakapoibiwa kama huna macho. Lile bomba jeusi la duara analofanyia mageti na vitanda ni bati lililokunjwa na kuchomewa mshono, unene milimita moja na nusu au mbili. Halikutengenezwa libebe presha ya kitu chochote. Unalotaka ni bomba jeusi la mvuke, daraja wanaloliandika Sch 40. Nenda dukani na fundi mwenye venia, kile kipimo cha unene, apime ukingo. Nusu inchi iwe na unene wa milimita 2.77, robo tatu 2.87, inchi moja 3.38. Muuzaji akikuambia "yote sawa tu mama", ondoka. Tanga likikosekana, Gerezani, Dar es Salaam, halikosekani.

Kabla hujalinunua, punguza ukubwa. Inchi moja uliyonayo ni kubwa mno. Kilowati 9 zinazalisha mvuke wa kilo 12 hivi kwa saa, basi. Kwenye bar 4, mvuke huo ukipita ndani ya bomba la nusu inchi unakwenda mwendo wa mita 7 hivi kwa sekunde, na mabomba ya mvuke hupangwa hata kwa mita 25. Nusu inchi inatosha. Mimi ningeweka robo tatu ili siku ukiongeza pasi ya tatu usibomoe ukuta. Bomba kubwa kupita kiasi linapoteza joto zaidi kwa ukubwa wa ngozi yake, na joto likipotea mvuke unageuka maji njiani, na hayo ndiyo maji unayoyasikia yakigonga.

Sasa kanzu. Hapa ndipo pesa yako inapotokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ule mlio wa asubuhi na yale maji ya rangi ya chai ni ugonjwa mmoja. Usiku bomba linapoa, mvuke uliobaki unakuwa maji, hewa inaingia, maji yanalala kwenye sehemu iliyobonyea na kutengeneza kutu. Asubuhi mvuke mpya unakuja mbio, unayakuta yale maji, unayasukuma kama risasi mpaka kwenye kona. Ko! Kisha yanapita kwenye pasi na kutua kifuani kwa mteja. Ukibadilisha bomba tu ukaacha mpangilio ule ule, kopa, GI au jeusi, utayaona tena. Rangi itakuwa tofauti, basi.

Bomba la mvuke literemke kidogo kuelekea upande wa pasi, sentimita moja kwa kila mita. Kwa mita zako nane, mwisho uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 8, jambo ambalo kwenye ukuta wa koridoni halionekani hata kwa jicho baya. Pale linapoishia, lisikatike kwenye pasi. Lishuke chini liwe na mfuko mfupi, na kwenye mfuko huo ufungwe trapu ya mvuke, kile kifaa kinachotoa maji na kubana mvuke. Pasi zichukue mvuke kutoka juu ya bomba kuu, kwa tii iliyoelekezwa juu kisha ikageuka, maana maji hutembea chini na mvuke juu. Nadhani fundi wa kwanza alichomeka tii zako ubavuni au chini, ndiyo maana pasi inakunywa kila kilichomo. Kabla ya kila pasi weka chujio dogo lenye kofia ya kufungua. Utakapolifungua mara ya kwanza utaelewa ninachosema.

Na kwa kuwa kazi yako ni nguo nyeupe, kile kipande cha mwisho kutoka kwenye chujio hadi pasi, kama mita moja hivi, kiwe cha stenlesi. Huko hakuna chuma kingine cha kutoa kutu baada ya chujio. Ila angalia: stenlesi ya reli za ngazi na mageti ya wenye nacho mara nyingi ni daraja 201, nyembamba. Wewe uliza 304 au 316. Mtu atakuletea sumaku kukuonyesha kuwa hainati. Usiridhike, hata 201 hainati. Nunua bomba lenye maandishi ya daraja ubavuni. Mpira wa pasi uwe ule wa mvuke, wenye teflon ndani na waya wa kusukwa nje. Mpira wa gesi ya kupikia usiukaribishe hapo.

Kitu kingine kinachochafua nguo ni povu. Mafuta ya kuchongea nyuzi yakiingia kwenye boila yanafanya maji yatoe povu, na povu likipanda linabebwa na mvuke pamoja na uchafu wote. Fundi akimaliza, boila ijazwe, ichemshwe bila presha kubwa, imwagwe, ijazwe tena, na mvuke upulizwe kwenye ndoo kabla haujafungiwa pasi. Afanye hivyo mpaka maji yatoke meupe. Mafundi wengi hawafanyi kwa kuwa malipo wameshapokea. Basi bakiza sehemu ya malipo.

Kisima chako kina neno, tena kubwa. Maji yakiondoka kama mvuke, chumvi inabaki ndani ya boila. Kila siku inaongezeka, maji yanakuwa mazito, yanatoa povu lile lile nililolitaja, na vyuma vya kupasha joto vinavaa ukoko mpaka vinaungua. Chumvi ya aina hiyo pia ni adui wa stenlesi palipo na joto. Tumia maji ya bomba, weka akiba kwenye simtanki, na asubuhi fungua koki ya chini ya boila wakati presha iko ndogo utoe tope. Bomba la koki hiyo liwe la chuma kinene, Sch 80, lielekezwe chini mahali ambapo hakuna mguu.

Sasa tazama, mabomba mengine hayabebi mvuke, na hapa karibu kila aliyekushauri anapata sehemu, ingawa sikupanga iwe hivyo. Maji baridi kutoka simtanki kwenda kwenye tangi la kulishia boila, hayo PPR inayafaa sana. Mpe kijana wa jirani kazi hiyo, ataifanya vizuri. Aishie kwenye tangi. Kutoka kwenye tangi kwenda pampu na boila pawe chuma, maana maji ya kwenye tangi yatakuwa ya moto. Kwa sababu hiyo hiyo tangi lenyewe liwe la stenlesi, plastiki italegea.

Maji yanayotoka kwenye trapu na kurudi kwenye tangi yana shida yake. Ndani ya boila, madini fulani ya maji huvunjika na kutoa hewa ya kaboni, ambayo inayeyuka kwenye maji hayo yanayorudi na kuyafanya yawe na ukali kidogo. Ukali huo hula chuma cheusi sehemu ya chini ya bomba, kimya kimya. Kwa bomba la kurudisha, basi, ama weka Sch 80 ambayo ina nyama ya kuliwa, ama weka kopa. Presha huko haipo na joto halizidi 100, na lako linapita ndani koridoni, halionekani na wezi. Hapo ndipo pa kopa ya kaka. Mahali inapokutana na chuma pakae kiungio cha brasi, zisigusane moja kwa moja kwenye maji, la sivyo chuma ndicho kitakacholiwa.

Mchomeleaji je? Kwa robo tatu mimi nataka nyuzi, si kuchomelea, kwa sababu nilizozisema za kurefuka na kwa sababu siku ukitaka kufungua kitu hutaki kuita mtu na grainda ndani ya koridoni ya nyumba. Weka yunioni, kiungio kinachofunguka bila kuzungusha bomba zima, karibu na boila na karibu na trapu. Nyuzi zifungwe kwa tepu ya teflon, inastahimili joto kupita hili lako. Wazee wetu walifunga kwa katani na dawa, na katika mji wa mkonge sitaisema vibaya katani, lakini kwa nyuzi 152 za kila siku naamini tepu zaidi. Mchomeleaji atengeneze vibano vya ukutani. Viwe vya kulibeba bomba bila kulibana, liweze kuteleza, isipokuwa kimoja tu cha katikati. Na pale linapopenya ukuta, lipite ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi ili lisikwaruze plasta kila asubuhi.

Koki za bafuni zisitumike. Angalia ubavuni mwa koki: ikiwa na herufi WOG pekee, hiyo namba ni ya maji, mafuta na gesi. Unayoitaka ina namba na herufi WSP au SWP, yaani presha ya mvuke ya kazi. Vali ya usalama ifungwe kwenye boila yenyewe, bila koki yoyote kati yao, na bomba lake la kutolea lisiwe dogo kuliko tundu lake, lishuke mpaka karibu na sakafu. Ukimwona mtu anaiziba kwa sababu "inapiga kelele", mfukuze bandani.

Kwa kaka yako, usimpigie simu kumwambia amekosea. Mtumie picha ya kibati cha boila chenye bar 4, umuulize boila ya kwake geji inasoma ngapi. Ataiona mwenyewe, na atajua dada yake amefanya utafiti. Kisha mwambie kopa unaiweka kwenye bomba la kurudisha maji, jambo ambalo hata mafundi wa huko wanalifanya. Mkubwa akishirikishwa mapema hanuni. Ananuna akisikia kutoka kwa mtu wa tatu kwamba hela yake imenunua bomba jeusi.

Kwenye kuliondoa bomba la zamani, kama limezungushiwa kitu cheupe kigumu kama plasta na ni la zamani kweli, usiruhusu mtu alipasue kwa nyundo, huenda ni asbesto. Kama ni matambara tu, ng'oa. Bomba jipya lifunikwe kwa sufi ya kuzuia joto (ile ya mabomba, si ya mito), unene wa sentimita mbili na nusu angalau, na juu yake bati jembamba. Hewa yetu ya bahari ina unyevu wenye chumvi, sufi ikilowa bila bati inalila bomba kwa nje wakati wewe unahangaika na ndani.

Lakini kabla ya sufi, lijaribiwe. Wajaze maji baridi na kupandisha kwa pampu ya mkono hadi bar 6, mara moja na nusu ya presha ya kazi, liache nusu saa, geji isishuke. Vali ya usalama na pasi ziwe zimeondolewa na matundu yake kuzibwa wakati huo tu. Wasijaribu kwa hewa ya kompresa, kiungo kikiachia hewa inarusha vyuma. Na kwa kuwa wewe ni mahali pa kazi, hata kama ni nyumbani, boila ni chombo cha presha: chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, ukaguzi ni wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Waite OSHA wakati fundi bado yupo na viungo viko wazi, ili mkaguzi akisema badilisha, abadilishe yule yule aliyefunga.